Cherehani ya Kikundi Ikianza Kupiga Kelele

Somo letu safari hii ni la vikundi vilivyo na cherehani, na vikundi hivyo ni vingi. Ukienda kwa akina mama utakuta mashine moja au mbili za miguu. Ukienda kwa vijana waliotoka chuo cha ufundi, vivyo hivyo. Na katika vikundi vingi tumekuta mashine moja imesukumwa kwenye kona, imefunikwa gunia, juu yake debe la mahindi. Ukiuliza utaambiwa: "Hiyo ilizeeka. Ilianza kelele, kisha ikawa nzito, basi tukaiacha."

Hebu tuulizane, chuma kinazeeka namna gani? Kichwa cha cherehani ya miguu ni chuma cha kusubu, kizito, na ndani yake vipande vinavyosugua ni vya chuma kigumu. Singer za zamani zilizonunuliwa na nyanya zetu bado zinashona mpaka leo mahali zilipotunzwa. Butterfly zinazotoka China, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, zimefuata umbo la Singer moja ya zamani, ndiyo maana bobini na sindano za moja huingia kwa nyingine. Mashine za namna hii haziui mtu kwa ugumu wa matengenezo. Kinachoziua zenyewe ni ukavu, takataka, na mafuta yasiyofaa.

Na hasara yake si ndogo. Kazi ya sare za shule huja kwa wingi Desemba na Januari. Mashine ikikwama wakati huo, mwalimu mkuu hawezi kungoja, atapeleka oda mjini, na mwaka ujao hatarudi kwenu. Tunajua kikundi kimoja kilichouza kichwa cha mashine kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, kama vile wanauza sufuria iliyotoboka. Mnunuzi yule alikipeleka kwa fundi, kikasafishwa, kikauzwa tena kama mashine. Wale akina mama walikuja kukiona dukani kinashona. Walichokosa ni mafuta ya taa kidogo, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, na siku mbili za subira.

Kwa hiyo tujifunze pamoja. Itafaa mkilisoma somo hili mkiwa mmeizunguka mashine yenyewe, mmoja akisoma na wengine wakishika.

SIKILIZENI KABLA YA KUFUNGUA

Kosa la kwanza tunaloliona ni mtu kukimbilia bisibisi. Mashine inalia, yeye anaanza kufungua kila skrubu anayoiona, na jioni kuna skrubu tatu zimebaki mezani hazijulikani zilitoka wapi. Hapana. Kelele ni kama mtoto anayelia: kwanza ujue anaumwa wapi.

Njia ni kuitenganisha mashine kidogo kidogo. Toeni mkanda kwenye gurudumu kubwa la chini. Sasa kanyageni kikanyagio peke yake, kichwa kimetulia. Kelele ikiendelea, ugonjwa uko miguuni, na kichwa hakina kosa lolote. Kelele ikiisha, njooni kichwani.

Hapo toeni uzi wote, inueni mguu unaokandamiza kitambaa (msiuache chini bila kitambaa, maana utasuguana na meno), kisha mzungushe gurudumu la mkono pole pole. Lizungusheni upande wa juu ukija kwenu mshonaji, kama vile mashine inavyokwenda siku zote. Sikilizeni. Mkitoa sindano na mlio ukaisha, basi sindano ndiyo ilikuwa inagonga. Mkitoa nyumba ya bobini na shato, mlio ukaisha, basi ugonjwa ulikuwa huko chini. Mkiwa mmetoa vyote hivyo na bado inalia, ni mihimili ya ndani au upande wa kushoto wa kichwa, pale sindano inapopanda na kushuka.

Kuna hila moja ya mafundi wa magari inayofaa hapa pia. Chukua mwiko wa mti au bisibisi ndefu, weka ncha moja kwenye chuma cha mashine, na mwisho wa mpini uguse mfupa ulio mbele ya sikio. Mwenzako azungushe gurudumu kwa mkono. Sogeza ncha hapa na pale. Mahali penye ugonjwa utapasikia kana kwamba pana mtu ndani anagonga mlango. Mwenye nywele ndefu au leso azifunge vizuri kwanza.

Sauti zenyewe pia zinasema. Mlio mwembamba wa "ngwii, ngwii" kila ukikanyaga ni ekseli za kikanyagio zimekauka. "Dung" moja kwa kila mzunguko wa gurudumu kubwa ni ile fimbo inayounganisha kikanyagio na gurudumu, imelegea kwenye kiungo chake. "Tik" moja kwa kila mshono ni sindano iliyopinda inayogusa bamba. "Tik" inayokuja mara moja moja, na si kwa kila mshono, mara nyingi ni kile kipini cha chuma kinachounga mkanda wa ngozi, kikipita juu ya gurudumu. Hicho si ugonjwa, kibonyeze tu kwa koleo kilale vizuri. Msago kama wa mchanga ni takataka. Na mtikisiko wa jumla, kama sahani kabatini, ni skrubu zilizolegea, au droo ya meza, au meza yenyewe haijakaa sawa sakafuni.

Tuseme pia kwamba mashine hizi hazikuumbwa kuwa kimya. Shato ya mashine za aina hii huenda mbele na kurudi nyuma, haizunguki duara zima, na kati yake na kile kinachoisukuma kuna nafasi ndogo ya kupitisha uzi. Kwa hiyo "tak-tak" nyepesi ni sauti ya afya. Fundi akikuambia ataiondoa hiyo kabisa, mweke pesa zako mfukoni kwanza.

TAKATAKA KWANZA, MAFUTA BAADAYE

Hili ndilo jambo ambalo tungetaka kila kikundi kilishike hata kama mtasahau mengine. Ukitia mafuta juu ya takataka, unatengeneza matope. Vumbi la kitambaa, mchanga wa barabarani na mafuta vikichanganyika vinasaga chuma kama vile jiwe la kunolea. Mashine itanyamaza siku mbili, kisha italia zaidi.

Anzeni chini ya bamba la sindano. Toeni sindano na mguu, fungueni skrubu mbili za bamba (ziwekeni kwenye kifuniko cha chupa zisipotee), inueni. Mtakuta kati ya meno vumbi la nyuzi limeshindiliwa likawa gumu kama kipande cha blanketi. Wengi huwa hawaamini likitoka. Vumbi hilo huyazuia meno yasishuke vizuri, mashine inakuwa nzito, na kitambaa hakisogei. Litoeni kwa mswaki wa zamani ulio mkavu, au unyoya wa kuku, au pini. Msipulize kwa mdomo. Pumzi ina maji, maji yanaleta kutu, na tena upepo unalisukuma vumbi ndani zaidi.

Halafu shato. Hiki ndicho kile chuma chenye ncha kama mdomo wa ndege, kinachokamata uzi wa sindano huko chini. Zungusheni gurudumu mpaka sindano iwe juu kabisa. Toeni nyumba ya bobini kwa kuvuta ulimi wake mdogo. Kuna vishikizo viwili pembeni, vigeuzeni kwenda nje, na ile pete itatoka, kisha shato itatoka kwa kuishika kwenye pini yake ya katikati. Angalieni mahali ilipokuwa inalala. Kelele nyingi nzito za "gadung, gadung" tulizoitiwa, chanzo kilikuwa kipande cha uzi kisichozidi urefu wa kidole, kimejibana nyuma ya shato. Ni hicho tu. Watu walikuwa wameanza kuchanga pesa za fundi.

Pangusa kote kwa kitambaa laini. Pitisha ukucha kwenye ncha ya shato. Ukikwaruza ukucha, ncha ina kijino, na hicho kitakata uzi. Kijino kidogo kinaweza kulainishwa kwa msasa mlaini kabisa, lakini msiinoe ncha ikawa fupi, maana hapo mtanunua shato mpya. Tieni tone moja la mafuta kwenye ukingo wa nje wa shato, mahali inaposuguana na njia yake. Katika kurudisha, kumbukeni kwamba shato ni nusu mwezi na kisukumio chake ni nusu mwezi ya pili. Zote mbili pamoja zinafanya duara. Kama duara haijakamilika, msifunge pete kwa nguvu. Toeni mrudie.

MAFUTA GANI?

Hapa ndipo mabishano huanza. Mtu atasema, "Mafuta ni mafuta, hata ya kupikia yanateleza." Ni kweli yanateleza, leo. Lakini mafuta ya kupikia, hasa ya alizeti au ya mahindi, yakikaa kwenye hewa na joto hugeuka, yanakuwa mazito, yananata, mwisho yanakauka kama vanishi. Si umeona pembeni mwa kikaango cha zamani? Ndivyo inavyokuwa ndani ya mashine. Ile mashine "iliyozeeka" hapo kwenye kona, mara nyingi ilipewa mafuta ya kupikia na mtu aliyekuwa na nia njema.

Mafuta machafu ya injini, yale meusi yanayomwagwa gereji, nayo hapana. Weusi ule ni masizi, na ndani yake mna vumbi la chuma lililotoka kwenye injini. Mafuta mapya ya injini ni mazito mno kwa kichwa. Hayo yanaweza kutumika huko chini kwenye ekseli za kikanyagio na gurudumu kubwa, ambako mwendo ni wa pole na uzito ni mkubwa. Grisi pia inafaa huko, kidogo.

Kwa kichwa, nunueni mafuta ya cherehani. Ni mepesi na meupe, yanaonekana kama maji. Chupa ndogo ikitumiwa tone kwa tone hukaa muda mrefu kuliko mnavyodhani. Muuzaji akikuletea yenye rangi ya chai au yanayonata vidoleni, mrudishie. Na ile dawa ya kopo ya kupuliza ambayo mafundi wa magari hulegezea nati zenye kutu, hiyo imetengenezwa kwa kulegeza. Nyingi yake huruka hewani, na mahali ilipopita panabaki pakavu. Ukiitumia kulegeza, lazima ufuatishe mafuta ya kweli.

Watie wapi? Mashine nyingi zina vitundu vidogo juu ya mkono wake, viwili au vitatu, na hivyo ni vya mafuta. Kuna kifuniko upande wa kushoto chenye skrubu moja, ukikifungua utaona mhimili wa sindano na ule mkono unaovuta uzi. Kuna kifuniko cha duara mgongoni, hicho husukumwa tu kando. Halafu laza kichwa nyuma kwenye bawaba zake uone tumboni. Kama kitabu cha mashine kimepotea (na nani bado anacho?), kanuni ni hii: zungusha gurudumu pole pole, na kila mahali unapoona chuma kinatembea juu ya chuma, pahitaji tone moja. Moja. Ukitia matano, manne yatadondokea kitambaa cha mteja. Kwa kutia tone ndogo mahali pa ndani, bomba jipya la sindano kutoka duka la dawa za mifugo linafaa sana, liandikwe MAFUTA lisije likatumiwa kwa ng'ombe.

Pasipotakiwa mafuta ni kwenye zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi, na kwenye mkanda. Sahani zikiwa na mafuta hazibani sawasawa. Mkanda ukiwa na mafuta unateleza, na mshonaji atafikiri mguu wake umechoka.

Mkimaliza, endesheni mashine bila uzi kwa dakika chache, mafuta yaingie. Kisha pangusa yaliyotokeza, shona kitambaa kikuukuu mpaka kitoke kikavu, ndipo muweke shati jeupe. Ikiwezekana fanyeni kazi hii jioni, mashine ilale na mafuta yake.

Mara ngapi? Vitabu vya Singer vya zamani viliagiza hivi: mashine inayoshona kutwa, itiwe mafuta kila siku. Inayoshona saa moja hivi kwa siku, mara moja au mbili kwa wiki. Tukiwaambia hivyo watu hucheka, wakidhani tunazidisha. Lakini mshonaji mwepesi hupiga mishono mia kadhaa kwa dakika moja, na kila mshono ni chuma kupanda na kushuka. Hesabuni wenyewe kwa siku nzima.

MASHINE ILIYOKWAMA KABISA

Sasa turudi kwa ile iliyo konani. Gurudumu halizunguki hata ukilishika kwa mikono miwili. Msilete nyundo, wala msibane gurudumu kwa spana ya bomba. Kilichoshika ndani, mara nyingi, ni mafuta yaliyoganda.

Itoeni nje, mahali pa hewa, mbali na jiko na sigara. Ondoeni takataka kama tulivyosema. Tieni mafuta ya taa, matone machache, kwenye kila kitundu na kila kiungo. Iacheni juani saa kadhaa, maana joto linalegeza, kisha ilale. Asubuhi shika gurudumu, ulitikise mbele na nyuma kidogo tu, bila kulazimisha. Ongeza mafuta ya taa. Tikisa tena. Kuna mashine zitakubali siku hiyo hiyo, na kuna zitakazotaka siku mbili au tatu. Mara inapoanza kuzunguka mtaona maji ya kahawia yakitoka viungoni. Huo ndio ugonjwa wenyewe unatoka. Endeleeni kuzungusha na kupangusa mpaka yatoke safi.

Wengi huishia hapo wakifurahi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi. Yakikauka, chuma kinabaki uchi, na kikishonwa hivyo kitajila chenyewe. Siku hiyo hiyo tieni mafuta ya cherehani kila mahali, na mrudie tena kesho yake.

Mambo mawili ya usalama. Petroli isitumike kabisa, hata kidogo, mvuke wake unashika moto kutoka mbali. Na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akipita na kiu atakunywa, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni huua. Wekeni kwenye kibuyu cha plastiki chenye alama, juu, na matambara yaliyolowa yaanikwe nje yasirundikwe ndani ya nyumba. Jambo la tatu, dogo: msipanguse yale maua ya dhahabu ya Singer kwa spiriti. Yatatoka yote.

MIGUU, MKANDA NA MEZA

Tupite hapa haraka. Ekseli za kikanyagio zina skrubu zenye ncha na nati za kufungia. Legeza nati, kaza skrubu mpaka mchezo uishe lakini kikanyagio bado kianguke chenyewe, kisha funga nati. Kiungo cha fimbo kadhalika. Tia mafuta.

Mkanda ukiwa umelegea unateleza. Ukiwa umebana mno, mashine inakuwa nzito na mihimili inalika upande mmoja. Ukiubonyeza kwa kidole katikati uingie kidogo, inatosha. Mkanda mpya wa ngozi utanyooka wiki za kwanza, kwa hiyo msikate mrefu mno wala msiutupe ukilegea. Kata kipande kifupi, uunge tena.

Kwa upande wa kunyamazisha, mahali ambapo kichwa kinakaa juu ya mbao palikuwa na vipande vya sufi kwenye pembe. Vikishaliwa, chuma kinagonga mbao na meza inakuwa ngoma. Kateni blanketi kuukuu, mkunje mara mbili, mbandike. Watu wengi hutumia tyubu ya baiskeli, nayo inanyamazisha sana, ila mafuta yakiidondokea huvimba na kuwa laini kama ugali, kwa hiyo iangaliwe. Chini ya miguu ya meza, tyubu ni nzuri tu. Katika chumba chenye mashine sita na sakafu ya saruji, jambo hili dogo linawafanya watu wasikilizane wakizungumza.

MLIOFUNGA MOTA

Tangu mpango wa umeme wa Last Mile uanze mwaka wa 2015, vijiji vingi vimepata stima, na vikundi vimeanza kufunga mota ndogo kwenye cherehani za zamani. Ni jambo jema kwa mama ambaye magoti yamechoka. Lakini mota ina kelele zake, na dawa zake si sawa na za kichwa.

Kabla ya kununua, someni kibati chake. Stima yetu ni volti 240. Mota iliyoandikwa 220 hadi 240 inafaa. Mitumba inayotoka Marekani imeandikwa 110 au 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua mbele yako.

Ikianza kelele, chomoeni kwanza waya ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Toeni mkanda wa mota, kisha chomekeni na muendeshe mota peke yake kwa muda mfupi. Ikiwa kimya bila mkanda, basi mkanda ulibana mno au skrubu ya kushikilia mota imelegea. Mkanda uliobana sana ndio kosa linaloua mota nyingi, kwa sababu unavuta ekseli upande mmoja mchana kutwa.

Ikilia ikiwa peke yake, sikilizeni. Mlio mwembamba unaopanda kadiri mota inavyokwenda kasi ni mahali ekseli inapokaa, pamekauka. Mkiwa mmechomoa tena, tieni tone moja dogo, kwa ncha ya sindano, mahali ekseli inapoingilia kila upande. Mota nyingine za Singer za zamani zilitengenezwa kutumia grisi maalumu badala ya mafuta, na zina vijibomba vyake. Hizo msitie mafuta mepesi. Na kwa mota yoyote, tone la pili ni adui. Ndani mna shaba inayozunguka ikiguswa na vipande viwili vya kaboni, na ndiko stima inapopita. Mafuta yakifika hapo yanachanganyika na vumbi la kaboni, yanakuwa matope meusi, cheche zinaruka, na mota inanuka.

Mlio wa kukwaruza pamoja na cheche nyingi ni kaboni zimeisha. Pembeni mwa mota mna vifuniko viwili vidogo vinavyofunguliwa kwa bisibisi. Toeni kimoja kimoja, pole pole maana kuna springi, na mweke alama kipi kilikuwa upande upi na kilitazama wapi, kwa sababu kaboni imelika kwa umbo la shaba. Ikiwa moja imekuwa fupi sana au imevunjika, badilisheni zote mbili pamoja. Zikiwa bado ndefu, panguseni vumbi jeusi kwa kitambaa kikavu na mrudishe zilivyokuwa. Mota inayotoa moshi, au ambayo mwili wake unampiga mtu shoti hata kidogo, hiyo mpelekeeni fundi wa umeme. Kikundi kisijaribu.

SINDANO, KWA KUFUPISHA

Tumeona mashine zikipelekwa mjini kwa matatu kwa sababu ya sindano. Ikipinda hata unene wa unywele itagonga bamba au shato. Ilazeni juu ya kioo, mtaona kama imenyooka. Kitambaa cha kawaida cha sare kinataka namba 16, kaki nene au dengrizi namba 18. Sindano nyembamba kwenye kaki hupinda, inagonga, na watu wanasema mashine imeharibika.

YA KUFANYA NA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Chukueni vifuniko vitatu vya mabati. Kimoja mtie matone mawili ya mafuta ya cherehani, cha pili mafuta ya alizeti, cha tatu mafuta machafu ya injini. Viwekeni mahali penye jua na watoto wasipofika, vifunikwe kwa chandarua kuzuia vumbi. Baada ya wiki chache guseni kila kimoja kwa kidole. Wale waliokuwa wakibisha ndio waguse kwanza.

Kisha mzungumze haya. Katika kikundi chetu, ni nani anayetia mashine mafuta? Kama jibu ni "yeyote", ilitiwa lini mara ya mwisho? Je, chupa ya mafuta iko kwenye bajeti ya mweka hazina, au inangoja mtu ajitolee? Vikundi vingine hutundika daftari dogo ukutani, na kila anayeshona siku hiyo huandika jina na alama kwamba amesafisha na kutia mafuta kabla ya kufunika mashine. Hilo lingefaa kwenu, au mna njia nyingine?

Na ile mashine iliyo konani, ondoeni gunia mjaribu gurudumu kwa mkono. Andikeni kama linazunguka, linazunguka kwa uzito, au limekwama kabisa, na ni mafuta gani yalitiwa mara ya mwisho. Kwenye mkutano ujao mtajua muanzie wapi.